Honi Langoni kwa Mbithi

Haya yalimpata rafiki yangu Kimanzi, mwendesha bodaboda wa Ndithini, baada ya kununua pikipiki ya marehemu Mbithi. Jioni moja, giza likiingia, ilimzimikia mbele ya lango la Mbithi, mara ya tatu wiki hiyo. Taa zote zikafa. Kimanzi hakushangaa, alijua nyaya za betri zimelegea na kushika kutu. Akaitoa betri, akaanza kuisugua vichwa kwa msasa. Kimya kilitanda, msasa tu ukikwaruza.

Honi ikalia mara mbili, kama Mbithi alivyozoea kuipiga akifika nyumbani.

Betri ilikuwa bado mikononi mwa Kimanzi.

Lango likafunguliwa. “Leo umechelewa,” Wavinya, mjane wa Mbithi, akasema taratibu, macho yakimpita Kimanzi na kutua kwenye pikipiki.