Mvinyo Uliotemwa Mbele ya Mama Mkwe

Akatema. Mbele ya mama mkwe mtarajiwa, mashangazi wawili na mchumba wake fundi umeme, binti wa watu alisukutua mvinyo mdomoni, akainama, akautema kwenye ndoo ya barafu.

Jamani, hakuwa na nia mbaya. Kazi yake ni kuonja mvinyo kwenye hoteli kubwa, na mwonjaji hamezi. Akimeza kila anachoonja, mchana utamkuta chakari. Siku hiyo ya kutambulishwa hofu ilimshika, mdomo ukafanya ulichozoea. Nani angeelewa? Mama mkwe, mshonaji wa sare za shule, aliweka glasi yake chini, akaingia chumbani na kujifungia. Wageni wakaaga bila kutazamana.

Asubuhi yake fundi akapiga simu. Mama kasema harusi haipo.

"Usije kwanza," akasema. "Niache nimbembeleze."

"Nakuja. Nimetema mimi, nitaeleza mimi. Na wewe nakupenda, sikuachii kirahisi hivyo."

Alimkuta mama kwenye cherehani, akiikanyaga kama imemkosea. Akamwamkia, marahaba ikatoka nusu. Chupa ya jana ilikuwa bado mezani. Binti akaeleza kazi yake bila kuzunguka, kwamba kizuri na kibaya vyote huvitema. Mama akaendelea kukanyaga.

"Sema ukweli. Ulionja bei, sivyo? Shampeni yenyewe sikuiweza. Nikazunguka madukani mpaka nikapata hii, nayo ina mapovu na ni ya Ufaransa, ya bei ya mtu kama mimi."

Kumbe hasira yote ile ilikuwa aibu. Binti moyo ukamuuma, lakini hakukimbilia kuomba radhi. Akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Bei haina ladha, mama. Mimi nilionja tofaa bichi, na limau kidogo, halafu mwishoni ganda la mkate uliotoka tanurini sasa hivi. Mapovu yake madogo, yanatekenya ulimi. Ungeileta hotelini ningeinunua na kuwapa wageni wangu kifua mbele. Ila haikupoa vizuri."

Cherehani ikasimama.

"Haikupoa?"

"Haikupoa, mama. Barafu ilikuwa kiduchu."

Mlangoni, fundi aliyekuwa akisikiliza akashika kichwa. Alijua sasa kila kitu kimekwisha. Mama alimkazia macho binti, mdomo ukaanza kumcheza, kisha akaangua kicheko mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha sare.

"Ungenisifia yote ningekufukuza," akasema. "Mkwe wa kunidanganya ndani ya nyumba yangu wa nini?"

Akamgeukia mwanawe.

"Na wewe umesimama hapo kama nguzo. Wapigie shangazi zako, waambie harusi ipo. Na mvinyo nachagua mimi."