Waya Uliosubiri Kipaimara

Majirani zangu wa Nangara, nisikilizeni, maana jambo hili limetokea jirani na kwangu na bado wapo wanaolicheka.

Asubuhi nyumba ya Konstantini ilikuwa tulivu. Mkewe, Rosemary, alikaa mbele ya kompyuta akiwafundisha Wazungu Kiswahili kwa intaneti, ameajiriwa na shule moja ya mtandaoni. Aliwaamkia "shikamoo", wao wakamjibu "mambo", wakacheka wote. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha tangu duka la mumewe lifungwe.

Kisha sauti ikaanza kukatika. Waya wa intaneti kutoka nguzoni ulipita juu ya ukingo wa bati, na upepo wa kwetu mnaujua. Fundi Anselimu akapanda kuangalia.

"Mama Kindness, bati limeula huu waya," alisema aliposhuka. "Nikiunga hapa, utakatikia pengine. Tuubadilishe wote. Na hiyo ruta ya intaneti muivue kitambaa, inachemka."

Jamani, sisi na vitambaa vya kufuma! Redio tunaivika, friji tunaivika, sasa hata ruta.

"Wewe unga tu, fundi," alisema Konstantini. "Pesa iliyopo ni ya kipaimara cha mwanetu Kindness. Wageni wanakuja kuona sherehe, hawaji kuona waya."

Rosemary alimsihi. "Baba Kindness, shule imeshanionya. Kipindi kikikatika tena wananiondoa."

"Unataka niaibike mbele ya ukoo kwa ajili ya waya? Tukimaliza sherehe tutaona."

Sherehe ilifana. Tulikula, tukacheza, nami nilikuwepo nikishangilia. Jumatatu yake mkuu wa shule ile aliingia kusikiliza kipindi. Rosemary hakufika mbali. Picha iliganda, sauti ikapotea, na Konstantini akakimbilia juu ya bati na solteipu mkononi. Aliunga huku akiuliza, "Imeshika?" na mkewe akipaza sauti kutoka chini, "Bado! Bado!" Jioni shule ikamwambia kwamba nafasi yake amepewa mwingine.

Konstantini aliuza pikipiki, akanunua waya mpya na ruta mpya. Anselimu alifunga vizuri, bila kiungo hata kimoja. Rosemary aliiomba shule imrudishe, akaomba tena, hakujibiwa. Siku hizi anatoka alfajiri kwenda kulima kibarua katika mashamba ya Mutuka, na mikono yake inanitia uchungu nikiitazama.

Juzi nilimkuta mumewe amekaa peke yake mbele ya kompyuta.

"Mama Jesse," aliniambia, "sasa inashika vizuri kabisa."



FUNZO

Kitu kinachokulisha kitunze kingali kizima. Waya uliochakaa ubadilishe wote, usiviringishe solteipu juu ya solteipu, na ruta iache wazi ipate hewa. Sherehe ingeweza kuwa ndogo, na Kindness angepata kipaimara chake vilevile. Sisi tuliokula pale tulishacheua kwa shibe, tukarudi makwetu. Aliyebaki na njaa ni yule aliyetupikia.