King'ora Mezani kwa Chiriku

Zamu ya asubuhi ilikuwa inatoka, ya mchana inaingia, na geti la kiwanda cha feni ni jembamba kiasi kwamba mtu mnene hupita kwa awamu. Hapo ndipo mfuko wa koti la fundi mmoja ulipochanika, skrubu zikamwagika miguuni mwa binti aliyekuwa akivua hereni, maana kazini hereni haziruhusiwi.

"Kaka, unataga njiani?"

Fundi akainua macho. Ovaroli ya bluu iliyobanwa kiunoni, kilemba cha njano, na kicheko kilichowasahaulisha walinzi kupekua mifuko.

"Nataga nikiona kiota kizuri."

"Mh! Kuku mwenye maneno!"

Kiwandani walimwita Bisibisi, kwa kuwa ilisemekana hulala ameishika. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vizuizi: vijiti, vishikio na vitaa vya kumzuia mtu asiunge kitu vibaya. Binti walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo na mikono yake vilikwenda mwendo mmoja. Yeye aliunga waya za mota.

Kabla mwezi haujaandama upya, walikuwa hawalali bila kupigiana simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Umezima jiko?"

"Nimezima."

"Hebu kaangalie tena."

"Wee Bisibisi! Unanipenda mimi au jiko?"

"Nakupenda wewe. Jiko naliogopa."

Kisha feni zikaanza kurudi. Mota ina waya mbili, nyeupe na kijivu, vichwa vyake pacha. Ukizibadilisha, inazunguka kinyume, na feni inavuta badala ya kupuliza. Kinyozi mmoja alirudisha yake akiapa kwamba imemnyoa mteja kabla yeye hajawasha mashine. Mama mmoja alisema yake imemeza pazia, na sasa inalikodolea macho shuka.

Msimamizi hakucheka. "Nikimjua anayeziunga, ataondoka nazo!"

Bisibisi alizipindua kwenye chumba cha marekebisho. Chini ya kila feni, ndani ya kifuniko kinachofunguliwa na mafundi tu, hupigwa muhuri wa meza ilikoungwa, na mihuri yote ilikuwa ya meza ya Chiriku. Meza ile iko chini ya dirisha, na jua la alasiri huifanya waya ya kijivu ionekane nyeupe. Lakini msimamizi hakuwa mtu wa kusikiliza habari za jua, na kwa kazi hiyo Chiriku alimlisha mama yake na wadogo zake.

Hakumwambia mtu. Hakumwambia hata Chiriku. Aliwahi kazini, akafunga chini ya meza ya Chiriku king'ora kidogo cha kulia waya zikibadilishwa.

Alasiri kikalia. Chiriku akaruka, bisibisi ikamtoka mkononi.

"Chiriku, leo meza inaimba kukushinda!" akapasua kicheko jirani yake.

Kikalia tena. Msimamizi akaja, akainama, akakitazama.

"Kwa nini meza hii tu?"

Akaandika namba ya meza kwenye daftari lake, akaondoka.

Jioni simu ya Bisibisi iliita kabla hajavua viatu.

"Ni wewe uliyekiweka?"

"Mpenzi, nilitaka kukulinda."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Juzi tuliongea mpaka simu ikachemka! Ukaniuliza habari za jiko!"

"Niliogopa utaumia."

"Na sasa sijaumia? Umenianika mbele ya kiwanda kizima, halafu unaniita mpenzi?"

"Chiriku..."

"Usiniite."

Siku zilizofuata Chiriku aliunga waya bila neno. Mstari mzima ukapoteza mwendo, maana walizoea kufuata maneno yake kama watu wafuatavyo ngoma. Bisibisi alijifungia karakanani. Kadiri alivyokumbuka sauti ya kile king'ora ndivyo alivyokichukia: kinalia mkono ukishakosea, na kinamtangaza mwenye mkono. Akachukua tupa, akachonga vichwa vipya vya waya, kimoja bapa, kingine mviringo, na matundu yake hivyo hivyo.

Alipotoka navyo, alimkuta Chiriku mlangoni kwa msimamizi. Ameitwa. Kilemba kimefungwa kwa kukaza, macho mekundu.

"Niache niingie mimi," Bisibisi akamsihi. "Nitasema nilifunga king'ora vibaya."

"Utaniamulia tena?"

"Watakufukuza!"

"Basi nifukuzwe nikiwa naongea mwenyewe."

Mlango ukafungwa. Bisibisi akasimama ukutani, mikono ikimwasha kama ya mwizi.

Chiriku alitoka taratibu.

"Nimemwambia ni mimi. Nimemwambia na habari ya dirisha, akachungulia kwa kioo cha ofisi, akaona mwenyewe. Sijafukuzwa. Ila nimeondolewa mezani. Nitafunga maboksi."

"Pole, mpenzi. Pole sana."

Chiriku akaona alivyoshika, akavichukua. Akajaribu kichwa bapa kwenye tundu la mviringo. Kikagoma, kimya kimya.

"Vitakwenda meza zote," akasema Bisibisi. "Havipigi kelele."

"Ungeanza na hivi."

"Ningeanza kwa kukuuliza. Nilitaka kukuoa, Chiriku. Bado nataka."

Chiriku akamtazama hadi fundi akaanza kupepesa macho.

"Mimi nitaunguza sufuria. Nitapoteza funguo. Nitakosea, Bisibisi, tena mbele yako. Utaweza kunyamaza?"

Bisibisi akafungua mdomo ajibu. Akafikiri. Akaufunga.

Chiriku akaushika mkono wake.