Tone Jekundu Kwenye Kioo

Marehemu aliishi dakika arobaini. Hata jina hakuwa nalo. Kibandiko cha mguuni kilisema tu: wa kiume, kilo tatu na robo.

Inspekta Velko Karadzhov alikuwa ameona maiti nyingi, lakini hii ilimshinda. Aliisoma ripoti ya uchunguzi akiwa amesimama. Koo limechubuka, mapafu yamevuja damu. Mashine ya kufyonza ute ilivuta kwa nguvu mara tatu ya ile inayomfaa mtoto mchanga.

Aliyeshika mrija ni Desislava, mkunga wa miaka ishirini na minne, sasa siku ya pili mahabusu. Mwendesha mashtaka alilitaka faili lake jioni ile ile.

"Uliweka nguvu kiasi gani?"

"Hadi kwenye alama, afande."

"Namba ngapi?"

"Namba hatuzitazami. Tunatazama alama. Ndivyo alivyotufundisha Bibi Stoyna."

"Ulifyonza kwa muda gani?"

"Sekunde tano. Alikuwa hapumui. Mdomo kwanza, halafu pua. Nikatoa mrija, nikaona damu." Akaanza kulia. "Niambie nilikosea wapi, afande. Niambie tu."

Velko alifunga daftari lake.

Alirudi kwenye wodi ya uzazi. Mashine ilikuwa sanduku kuukuu la chuma, lenye chupa, mrija na kipimo cha duara. Juu ya kioo cha kipimo palikuwa na tone la rangi ya kucha, jekundu. Miaka nenda miaka rudi, wakunga wa mji ule waliwasha mashine, wakaziba mrija kwa kidole, wakazungusha kitasa mpaka mshale ufike kwenye tone. Velko alifanya vivyo hivyo. Mshale ulipofika kwenye tone, ulikuwa umesimama kwenye mia tatu.

Akakishika kioo. Kilifunguka kwa mkono mtupu, kama kifuniko cha chupa ya achari. Upande wa ndani palikuwa na alama ya kidole gumba.

Mtaalamu wa alama za vidole alimletea jina baada ya saa mbili. Velko alilisoma, akaketi.

Stoyna Mihaylova alikuwa mkunga mkuu. Nusu ya mji ilizaliwa mikononi mwake, Velko akiwemo. Na siku hiyo, kwa bahati mbaya, ilikuwa Siku ya Wakunga. Ukumbini akina mama walisubiri na mikate, sabuni na taulo, wamnawishe mikono kwa shukrani, kama kila Januari.

"Umekonda, Velko. Mkeo hakupikii?" Stoyna aliuliza akiingia wodini.

Velko aliiwasha mashine, akaziba mrija. "Bibi, mshale uko wapi?"

"Kwenye mia, mwanangu. Uwe wapi tena?"

"Tazama vizuri."

Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kisha akajiinua taratibu.

"Zima," alisema. "Ni mimi. Jumanne kioo kilishika ukungu kwa ndani. Nikakifungua, nikakifuta, nikakirudisha, kumbe tone limehama. Tone naliona. Namba sizioni tangu kiangazi."

"Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Wenzangu wote wako Ujerumani. Tumebaki mimi na huyo binti. Ningesema sioni, wodi ingefungwa siku hiyo hiyo, wanawake wazalie njiani kwenye theluji." Alifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Damu ilipotoka nilijua. Binti akachukuliwa, nikanyamaza. Hilo ndilo baya zaidi. Andika."

Velko akaandika. Kila mstari ulimtoa Desislava mahabusu, na kila mstari uliifunga wodi. Alitafuta njia nyingine, hakuipata, na ilimuuma.

Mlango ukagongwa. "Afande, mwachie bibi yetu! Maji yanapoa!"

Alifungua kidogo, akapokea birika na taulo, akafunga. Kisha akammiminia bibi maji mikononi, mwenyewe.

"Nimesikia sauti ya Rada hapo nje," Stoyna alisema, akijikausha kidole kimoja kimoja. "Zimebaki siku tatu ajifungue. Mwambie asinisubiri. Ashuke hospitali ya mkoa leo, kabla theluji haijafunga njia."

"Nitamwambia."

"Na mwambie Desislava hakukosea."

Kisha akamnyooshea mikono safi, atie pingu.