Majibu Yaliyoshonwa

Siku ambayo Khoát hakurudi ilikuwa Jumanne, tarehe nne Machi. Asubuhi alikunywa chai akiwa amesimama. Akafunga ndoo ya vifaa nyuma ya baiskeli yake, tayari kwenda kuweka vigae katika nyumba moja ng'ambo ya mto. Kabla ya kutoka alimwambia binti yetu, "Mận, leo ni karatasi ya kumi na saba. Usiiruke."

Mận alikuwa na wali wa kunata mdomoni. Aliitikia kwa kichwa tu.

Saa tano moyo wa mume wangu ulisimama akiwa amepiga magoti sakafuni. Wenzake walisema kigae kilikuwa bado mkononi.

Naandika haya kwa sababu sauti yake imeanza kunipotea. Maneno yake bado ninayo.

Khoát aliishia darasa la tisa. Mimi nilifika la kumi na mbili, lakini hesabu niliiacha hukohuko shuleni, na sasa ni fundi cherehani. Tuna mtoto mmoja, Mận, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitano. Mwezi Juni alikuwa anangojewa na mtihani wa kuingia darasa la kumi. Shule za serikali hazina nafasi kwa watoto wote. Anayeshindwa huenda kiwandani, au hukaa tu. Khoát alishindwa mtihani huo mwaka wake, na jambo hilo hakulisahau hata siku moja.

Kwa hiyo alikusanya karatasi za mitihani ya hesabu. Kila alipokwenda kufanya kazi penye mtoto wa shule, aliomba nakala. Alizipanga kwenye kabati letu la mbao ya mfenesi, akaziandika namba, moja hadi sitini. Kila karatasi ilikuwa na maswali, na kurasa za majibu zikiwa zimebanwa nyuma yake.

Huku kwetu kuna kitu tunakiita kusoma kabati. Unachagua maswali unayodhani yatatoka, unayakariri pamoja na majibu, unayafungia kichwani. Yakitoka, umefungua kabati. Yasipotoka, kabati limekuangukia. Majirani walimtania sana Khoát kwa sababu lake lilikuwa kabati la kweli.

"Baba Mận, hilo likimwangukia mtoto atavunjika mguu," walisema.

"Litamwangukia vipi na mimi nimelishika?" alijibu.

Baada ya maziko Mận alifunga kitambaa cheupe cha msiba kichwani, akafungua kabati, akachukua karatasi ya kumi na saba. Kisha ya kumi na nane. Alisoma swali, akasoma jibu, akafunga macho, akalirudia kwa sauti kama mtu anayesali. Nilikuwa namsikia nikiwa kwenye cherehani. Nilifurahi. Nilidhani hivyo ndivyo hesabu inavyosomwa.

Katikati ya Aprili walifanya mtihani wa majaribio. Mận alipata alama mbili na nusu kati ya kumi.

Mwalimu wa darasa akaniita. Alikuwa kijana mpole, na macho yake yalionyesha hana usingizi wa kutosha. Alinimiminia chai, akanisogezea karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ilikuwa ombi la mzazi: mimi, mama wa fulani, naomba mwanangu asifanye mtihani wa kuingia darasa la kumi. Palibaki pa kuweka sahihi tu.

"Mama Mận, ni kwa faida yake," alisema. "Ana msiba. Akafundishwe kutengeneza kucha, au nywele. Kwa nini aende kuaibika?"

"Hii karatasi ni lazima?"

"Hapana, mama. Ni ya hiari kabisa."

"Kama ni ya hiari, basi sitaki."

Alicheka kidogo, kwa aibu. "Mama, nielewe na mimi. Wastani wa darasa langu utashuka."

Mận alikuwa amesimama nyuma yangu. Tangu baba yake afe, hakuwa amesema maneno kumi mfululizo mbele ya watu.

"Utashuka kwa sehemu moja ya kumi ya alama," alisema. "Tuko arobaini na wawili. Wengine wakipata saba na mimi nikapata mbili na nusu, nimepungukiwa nne na nusu. Gawanya kwa arobaini na mbili. Ni sehemu moja ya kumi na vichenji. Mwalimu, hiyo haionekani hata ukivaa miwani."

Mwalimu alimgeukia. "Mbona hesabu hiyo umeiweza?"

Nilirudisha karatasi mezani, nikamalizia chai yangu, maana kuacha chai ya mtu si adabu, tukaondoka.

Kwenye mdomo wa uchochoro wetu Bibi Thục anauza chai ya barafu na mbegu za alizeti. Ana viti sita vya plastiki na ulimi mkali. Zamani alikuwa mwalimu wa hesabu, na kwa miaka ishirini kila Juni alisahihisha mitihani hiyohiyo. Alituona tunapita.

"Nyinyi wawili mnatembea kama mmetoka kuibiwa. Kaeni."

Nikamwonyesha karatasi ya Mận yenye alama mbili na nusu. Akavaa miwani, akaisoma yote, pamoja na yaliyofutwa.

"Njoo hapa, mjukuu. Swali hili linasema nini?"

"x² − 7x + 10 = 0."

"Na wewe umejibu x ni mbili au tatu. Tatu umeitoa wapi?"

"Kwenye karatasi ya tisa, bibi."

"Karatasi ya tisa ilikuwa na swali gani?"

Mận alifikiri. "x² − 5x + 6 = 0."

"Kwa hiyo umevaa viatu vya jirani, halafu unashangaa vinabana." Bibi Thục akampa kalamu na kipande cha boksi. "Weka tatu mahali pa x. Sema kwa sauti."

"Tisa. Toa ishirini na moja. Ongeza kumi." Mận akaandika. "Hasi mbili."

"Ilitakiwa iwe ngapi?"

"Sifuri."

"Basi tatu haimo. Ungejua mwenyewe palepale, kwa nusu dakika, bila kuuliza mtu. Haya, tafuta namba mbili. Ukizijumlisha upate saba, ukizizidisha upate kumi."

Mận aliandika, akakata, akaandika tena. Bibi Thục alimhudumia mteja, akarudi. Hakumsaidia. Mimi nilikuwa nataka kusema, lakini alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Mbili na tano," Mận alisema.

"Hakikisha."

"Ishirini na tano, toa thelathini na tano, ongeza kumi. Sifuri."

"Hiyo sasa ni yako. Hata nikilichoma lile kabati lenu, hiyo utabaki nayo."

Mận aliinua uso. "Usiseme hivyo, bibi. Ni kabati la baba."

Bibi Thục alivua miwani. "Sawa. Nimekosea. Nipelekeni nilione."

Alikaa chini mbele ya kabati, akaanza kutoa karatasi moja moja. Sisi tulikuwa tunazifungua kila siku, lakini tulikwenda moja kwa moja kwenye majibu. Yeye alizigeuza. Nyuma ya ukurasa wa maswali wa karatasi ya tatu kulikuwa na maandishi ya penseli, na vumbi la saruji limeganda kwenye mikunjo.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

Ulikuwa wa Khoát. Nyuma ya ya nne, vilevile. Ya tano, ya sita, hadi ya thelathini na mbili. Wakati wa chakula cha mchana, huko kwenye vigae, alikuwa anajaribu maswali mwenyewe. Alikosea sana. Alikata, akaanza upya, akaandika tarehe. Swali moja la karatasi ya kumi na moja alilijaribu mara tatu, siku tatu tofauti. Mara ya tatu pembeni aliandika: nimekuona.

Mimi nilidhani anakusanya tu. Hakuniambia.

Bibi Thục alisita kwenye karatasi ya kumi na saba. Ilikuwa na swali la shamba la mstatili: urefu umezidi upana kwa mita saba, na ulalo, kutoka kona hadi kona, ni mita kumi na tatu. Khoát alikuwa ameandika mlinganyo wote, akapata upana tano au hasi kumi na mbili. Chini yake aliandika: Hakuna chumba chenye upana hasi. Nimeweka vigae miaka ishirini sijakiona. Kosa langu liko wapi?

Bibi Thục akasema, "Hakukosea. Hasi kumi na mbili hutoka kwenye hesabu, lazima itoke. Unaiandika, halafu unasema: upana hauwezi kuwa hasi, naikataa. Mstari huo mmoja una robo alama. Nimewanyima robo hiyo watoto wengi, na huyu fundi ameiona bila mwalimu."

Mận aliichukua ile karatasi, akatoka nayo uani. Tulimwacha.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini alisema kwa sauti ya kawaida, "Bibi, nifanyeje?"

"Kama baba yako. Kwanza, majibu yafungwe. Ukiyaona yamekaa wazi, utachungulia. Kila mtu huchungulia, hata mimi."

Nikasema, "Nitayashona."

Bibi Thục alicheka mpaka akakohoa. "Mama Mận, umemaliza mchezo."

Nilikuwa na uzi mweupe uliobaki nilipotengeneza vitambaa vya msiba. Nikazishona kurasa za majibu kwenye kingo tatu, karatasi zote sitini. Sharti likawa moja: hakuna kufumua kabla Mận hajajaribu kwa kalamu, dakika ishirini kwa swali. Akipata, anahakikisha mwenyewe. Akikwama, anaandika alipofikia na kwa nini amekwama. Ndipo ananiletea mkasi.

"Na usiache ukurasa mweupe," Bibi Thục alimwambia. "Msahihishaji hatoi alama kwa jibu la mwisho tu. Anatoa robo, robo, kwa kila hatua sahihi. Andika ulichoambiwa kwenye swali. Andika mlinganyo. Mweupe hauna robo hata moja."

"Na nikikosea?"

"Kosa linaingia kwenye daftari lake. Siku ya tatu unalirudia bila kuangalia. Ukikosea tena, siku ya tatu nyingine. Usiligombeze. Lirudie tu."

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Zamani alimaliza karatasi mbili kwa siku. Sasa swali moja lilimla saa nzima. Siku moja alitupa kalamu.

"Mama, nimekuwa mjinga zaidi."

"Zamani ulikuwa unasoma. Sasa unafanya," nilisema. "Nipe hilo daftari nione." Sikuelewa kitu, lakini niliweza kuhesabu. Wiki ile makosa yalikuwa ishirini na tisa. Wiki iliyofuata yalikuwa ishirini na moja. Mwisho wa Mei wiki nzima ilikuwa na makosa manane, na karatasi nyingi zilirudi kabatini uzi ukiwa haujaguswa, kwa sababu hakuhitaji kuzifumua.

Mwalimu wa darasa alipita mara moja zaidi na lile ombi. Mận alimkaribisha, akampa kiti, akamletea maji.

"Mwalimu, nitafanya mtihani," alisema. "Ukitaka, kaa unitazame nikifanya swali."

Mwalimu alikaa. Alitazama maswali mawili. Kisha alilikunja lile ombi, akalitia mfukoni, akamwonyesha namna fupi ya kuandika hatua ya tatu.

Asubuhi ya mtihani, tarehe tano Juni, uchochoro mzima ulinukia maharage mekundu, kwa sababu katika lugha yetu neno la maharage na neno la kufaulu ni moja. Ndizi hakuna anayegusa siku hiyo, wanasema utateleza. Mận aliwasha ubani mbele ya picha ya baba yake, akachukua ndizi moja kwenye sahani iliyo mbele ya picha, akaimenya.

Jirani alishika kichwa. "Mtoto huyu anataka kuanguka kwa makusudi."

"Ndizi haijawahi kukosea hesabu, shangazi," Mận alisema akitafuna. "Tunaokosea ni sisi."

Alitoka mchana, jasho limelowesha shati. Katika maswali yote hakukuwa na hata moja lililofanana na ya kabati letu. Wasichana wawili walikuwa wanalia langoni.

"Uliweza?" nilimuuliza.

"La mwisho sikulimaliza. Nimeandika hatua nne, kisha nikakwama, nikaandika nimekwamia wapi." Akanywa maji. "Kulikuwa na swali la bustani, mama. Nikapata hasi kumi na nane."

"Ukafanyaje?"

"Nikaandika hakuna bustani ya namna hiyo."

Siku ya mia moja ya baba yake ikapita, siku ambayo sisi tunaacha kulia kwa sauti. Siku kumi na moja baadaye matokeo yakabandikwa. Hesabu alipata sita na robo tatu. Kwa jumla ya masomo yote alivuka mstari wa shule ya serikali kwa nusu alama. Niliiweka karatasi ya matokeo mbele ya picha, nikarudi kwenye cherehani, kwa sababu kulikuwa na suruali ya mtu.

Sasa Mận yuko darasa la kumi. Anaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa baiskeli ya baba yake. Watoto watatu wa uchochoro huja kuchukua karatasi kabatini, na kila Jumapili nashona upya majibu yaliyofumuliwa. Ile ya kumi na saba siitoi. Anayeihitaji namnakilia kwa mkono, upande wa mbele tu.