Masufuria ya Mtaa

Mtaani kwao Jang'ombe, Riyama alijulikana kwa pilau lake. Siku za kawaida aliuza chapati na maharage barazani kwake. Mumewe, Haroub, alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda na milango uani. Lakini kukiwa na shughuli, iwe harusi au hitma, watu walimjia Riyama.

"Hodi! Bi Riyama, tusaidie kupika."

Naye hakukataa. Alijifunga kanga kiunoni, akashika mwiko, akataniana na kila mtu mpaka wali ukaiva.

Ijumaa moja alikwenda kupika harusi ya kijana wa shoga yake, Mwatima. Mchele ulikuwa umeshachaguliwa. Nyama imeshakatwa, thomu na tangawizi zimeshatwangwa. Kilichokosekana ni masufuria makubwa ya shughuli. Mwatima aliyakodi kwa mtu wa mbali, tena alikwishalipa. Jua likapanda, masufuria hayaonekani. Mwatima akapiga simu.

"Yamekwenda Paje," yule mtu akajibu bila wasiwasi. "Kuna harusi kubwa huko. Nitakuleteeni kesho."

"Kesho!" Mwatima akapiga kelele. "Mwanangu anaoa leo!"

Riyama akatuma watu nyumba kwa nyumba. Kila nyumba ikatoa sufuria yake ndogo na jiko lake. Uwanja ukajaa moshi. Sufuria hii wali ukaungua, ile wali ukabaki na kiini, nyingine ukapondeka kabisa. Mzee mmoja akalitazama sinia lake, akauliza, "Jamani, leo tumealikwa pilau au bokoboko la kupondwa?" Watu wakacheka, na bwana harusi naye akacheka. Lakini Mwatima aliingia chumbani, akajifungia, akalia.

Masika yalipoingia, likatokea kubwa zaidi. Jirani yao, mchukuzi wa sokoni aliyeitwa Usi, alifariki dunia. Mkewe hakuwa na kitu. Mwenye turubai alitaka pesa kwanza, ndiyo alete. Watu wakakaa msibani mvua inawanyea. Haroub akakimbilia kwake kuchukua mabati, na vijana wakayashika juu ya vichwa vya wafiwa.

Riyama alirudi nyumbani nguo zimerowa, na hasira zimemjaa.

"Haroub, mtaa wote huu hatuna sufuria yetu? Hatuna turubai letu?"

"Nani atanunua?" Haroub akauliza.

"Sisi wenyewe."

Wanawake wakaanza kuchanga. Pesa zikawekwa katika kopo nyumbani kwa Mwatima. Lakini kopo halikujaa. Mtoto wa fulani akaumwa, wakampa. Nyumba ya fulani ikavuja, wakampa. Hakuna aliyeiba, na hakuna aliyekosea. Pesa ziliingia na kutoka, basi.

Asubuhi moja Tahiya alikuja kununua chapati. Alikuwa binti wa jirani, karani katika SACCOS ya pale mtaani, yaani chama cha kuweka akiba na kukopa.

"Shikamoo, Bi Riyama."

"Marahaba, mwanangu. Leo nimechoka, usinicheke chapati hazina duara."

"Umechoka na nini?"

Riyama akamweleza habari ya kopo. Tahiya akakaa barazani, akasahau chapati zake.

"Bi Riyama, kwa nini hamji kwetu? Chama chetu si cha mtu mmoja kwenda kukopa tu. Chama ni mali ya wanachama. Kila mwanachama ana hisa zake na akiba yake. Mwisho wa mwaka, ikipatikana ziada, wanachama hukaa mkutanoni wakaamua igawiwe vipi. Fungu moja huwekwa kwa ajili ya jamii. Mwaka jana lilisaidia madrasa kuchimba kisima."

"Sisi hatuna madrasa. Tunataka masufuria!"

"Masufuria pia ni mradi. Mtayakodisha kwenye harusi, mpate kipato. Kwenye misiba mtatoa bure. Mradi wa namna hiyo unajilisha wenyewe, na unausaidia mtaa. Ndio mradi ambao chama kinaupenda."

Haroub alikuwa akiranda ubao uani. Akatoka, vumbi la mbao limemjaa ndevuni.

"Tahiya, binti yangu, nakuheshimu. Lakini riba mimi siigusi, na mke wangu pia hataigusa."

"Naam, baba, nakuelewa. Na chama chetu hakitoi riba wala hakichukui. Pesa mkononi hatutawapa. Chama chenyewe kitakwenda dukani, kitayanunua masufuria, yawe mali yake. Kisha kitawauzia kwa bei mtakayokubaliana, mlipe kidogo kidogo. Faida ya chama mtaijua siku ile ile ya kwanza. Haiongezeki hata kama mwezi mmoja mtachelewa."

Haroub akakuna ndevu. "Kumbe ni biashara."

"Ni biashara, baba. Lakini msilichukulie jambo hili kwa wepesi. Zile pesa ni akiba za wauza samaki, mama lishe na mafundi kama wewe. Msipolipa, mnaowaumiza ni wenzenu."

"Na turubai?" Riyama akauliza. "Msibani hatutamlipisha mtu. Turubai litajilipa vipi?"

"Hilo ndilo la kuombea fungu la jamii. Mtaomba mkutanoni, na wanachama watapiga kura. Lakini kwanza jiungeni. Wekeni akiba kwa pamoja, kila mwezi, tuone kama mnaweza. Andikeni kanuni zenu. Chagueni wa kutunza pesa na wa kumkagua."

Wanawake wakajiunga kama kikundi. Mwatima akachaguliwa kutunza pesa, naye akasema, "Sasa hata mkilia machozi ya damu sitoi!" Akiba ya kikundi ilikuwa chamani, na kuitoa kulihitaji sahihi za watu watatu. Mtoto wa mtu alipoumwa, walimchangia kando. Akiba haikuguswa. Miezi ikapita, na Riyama akaanza kuamini.

Siku ya mkutano mkuu ikafika. Ukumbi ulijaa. Riyama alikuwa amezoea kupikia mamia ya watu, lakini hakuwahi kusema mbele yao. Akasimama, akaeleza harusi ya Mwatima, akaeleza na mvua ya msiba wa Usi. Akaeleza na mpango wa masufuria, kisha akaomba turubai na mikeka.

Mzee Nahodha, mwanachama wa siku nyingi, akanyoosha mkono. Wote walimjua kwa maswali yake makali.

"Bibi, tajiri akifiwa, naye mtampa bure?"

Mwatima akafumba macho.

"Naye tutampa bure, mzee," Riyama akasema. "Mfiwa hatumuulizi ana nini. Tutamngoja siku ya harusi yake."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Nahodha naye akatabasamu, lakini hakukaa.

"Na sufuria ikitoboka?"

"Katika kila kodi tutatenga kidogo kwa matengenezo. Imo katika kanuni zetu."

"Nani atazisugua?"

"Vijana wetu wa kike wasio na kazi. Tena kwa malipo. Sufuria ile si ya kusugua kwa kusema ahsante!"

"Basi mimi nimeridhika," Mzee Nahodha akasema. Akawa wa kwanza kuinua mkono. Mikono ikainuka safu kwa safu, mpaka ya nyuma kabisa. Riyama alijifunika uso kwa mtandio, akacheka na kulia pamoja.

Turubai na mikeka vikanunuliwa, na chama kikawauzia masufuria kwa malipo ya kila mwezi. Yakaja na gari, yakimeremeta. Watoto waliyapiga kama ngoma mpaka wakafukuzwa. Haroub akatengeneza rafu za kuyapanga, akakataa malipo. Wiki haikupita, akaenda kujiunga na chama.

Kazi ikaanza. Harusi za Jang'ombe zikawa zinapikiwa kwa masufuria ya mtaa. Wakaja watu wa mitaa mingine. Akaja na mtu wa Kidichi, akashangaa kuambiwa bei, maana alizoea kulipa zaidi. Vijana wa kike wanne walipata kazi ya kuosha na kupakia. Kwenye misiba, turubai lilifungwa kabla wafiwa hawajauliza. Kila mwezi Mwatima alipeleka malipo chamani, akarudi akitembea kwa maringo. Siku alipopeleka ya mwisho, alipita barazani kwa Riyama. Akapiga kigelegele, mtaa wote ukaitikia.

Kisha ikaja habari nzuri. Tahiya alikuwa anaolewa. Mama yake alimjia Riyama, akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini:

"Shoga, masufuria ya Tahiya mtatupunguzia? Si yeye aliyekuonyesheni njia?"

Riyama akamshika mkono. "Ndiyo maana hatupunguzi. Kanuni alituandikisha yeye. Masufuria mtalipia kama watu wote. Lakini mpishi hamtamlipa. Wanawake wote wa kikundi tutakuja kupika, na viungo ni vyetu."

Wakaja kweli, na kanga sare. Masufuria yakapangwa mstari mmoja, moto ukawaka sawasawa. Riyama alikwenda huku na huku, akionja, akikaripia, akitania. Biriani likatoka, kila punje mbali na mwenzake. Mzee Nahodha alikula akaongeza, wala hakuuliza swali lolote.

Riyama mwenyewe akapeleka sinia la bibi harusi chumbani. Tahiya alikuwa amekaa, mikono imejaa hina, asmini kichwani.

"Bi Riyama," akanong'ona, "mama kaniambia. Kweli mmetulipisha?"

"Tumewalipisha, mwanangu. Mpaka senti ya mwisho."

Tahiya akacheka mpaka asmini zikamwanguka. Kwa kuwa hina ilikuwa bado mbichi, Riyama akanawa mikono, akakaa karibu naye, akafinyanga tonge la kwanza.

"Fungua kinywa," akasema. "Biriani linapoa."