Mke wa Hukmaram Ana Jina

Kijijini kwetu Dholasar maji yalikuwa mbali. Kila alfajiri mimi na mama mkwe tulijitwika mitungi, tukatembea mchangani saa nzima hadi kisimani. Tukirudi, tulisaga uwele na kukamua mbuzi. Wanaume walikaa kivulini wakivuta tumbaku kwenye buruma na kujadili siasa. Kazi nzito kweli hiyo, jamani!

Mama mkwe, niliyemwita mama tu, alitaka kumchagua mtu atakayetuchimbia kisima karibu. Mwaka 1952, ulipofanyika uchaguzi wa bunge la jimbo, alivaa nguo zake za harusi akaenda kupiga kura. Alirudi analia.

"Karani kasema nimefutwa," aliniambia. "Eti niliandikwa 'mke wa Hukmaram'. Hilo si jina, kasema."

Kosa lilikuwa letu wenyewe. Kwetu mwanamke wa heshima hatamki jina lake mbele ya mgeni. Mume hamtaji mkewe, wala mkwe hamtaji mkwewe. Mimi niliishi nyumba ile miaka tisa bila kujua mama anaitwa nani!

Uchaguzi wa pili ulipokaribia, karani wa kuandikisha wapiga kura alipita tena nyumba kwa nyumba. Safari hii alifuatana na Sohani, bibi maendeleo wa wilaya. Baba mkwe aliwapokea mlangoni.

"Andika Hukmaram," alisema. "Halafu andika mke wa Hukmaram, na mke wa mwanangu. Basi."

"Baba, shikamoo yako," alisema Sohani, "lakini wanaume wanaoitwa Hukmaram wako wangapi wilaya hii? Karani atajuaje ni mke wa yupi? Kila mtu aandikwe jina lake mwenyewe na umri wake. La sivyo wanafutwa tena."

"Unataka kuniaibisha nyumbani kwangu?"

Mama alikuwa nyuma ya mlango, shela imemfunika hadi kidevuni.

"Aibu niliipata mwaka ule," alisema. "Nilirudishwa kama mbuzi aliyeingia shamba la watu. Karani mwanangu, andika. Dhapu. Miaka hamsini na moja."

Dhapu! Moyo ulinilipuka kwa furaha. Nikadakia, "Na mimi Gomti! Ishirini na nne!"

Baba mkwe alikohoa, akatoka nje kuangalia ngamia ambaye hakuwa na shida yoyote.

"Bado hamjamaliza," Sohani alituonya. "Orodha itabandikwa shuleni. Nendeni mkaikague. Asiyejua kusoma aombe asomewe. Jina likikosekana, jazeni fomu kabla ya siku ya mwisho kupita."

Tulikwenda, na Sohani alitusomea yeye mwenyewe. Dhapu alikuwemo. Gomti hakuwemo! Nilijaziwa fomu siku hiyohiyo, nikaweka alama ya dole gumba. Kisha mama akazunguka mlango kwa mlango kuwasukuma wenzake. "Wewe, mama Bhanwar! Au wazazi wako walisahau kukupa jina?"

Siku ya kura tulipanga foleni jua kali. Karani akaita, "Dhapu, mke wa Hukmaram!"

"Ndiye mimi," mama alijibu, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Alitiwa wino kidoleni, akapewa karatasi, akaingia nyuma ya pazia kwenye masanduku ya kura, kila mgombea na lake.

Njiani baba mkwe hakuvumilia. "Umeitumbukiza kwenye sanduku la nani?"

"Kura ni siri, mzee."

"Hata kwangu?"

"Hasa kwako."

Mgombea aliyeahidi kisima alishinda kwa tofauti ya kura sitini na moja. Wanawake wa Dholasar tuliopiga kura tulikuwa tisini na nne. Wiki iliyofuata alikuja kushukuru. Wanaume walikuwa wameshamtandikia mkeka na kumwandalia buruma. Alisimama palepale, hakukaa.

"Samahani, wazee," alisema. "Kwanza nionyesheni anapokaa Dhapu. Nataka aniambie kisima kichimbwe wapi."